Ncha za Waya

Gari lilikuwa limelazwa kwenye yadi nyuma ya kituo cha polisi, pua yake imekunjamana kama karatasi iliyotupwa, na Bi Taratibu alikuwa ameshalizunguka mara tatu.

Bi Taratibu halikuwa jina lake. Wenzake ndio waliompachika, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya upelelezi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, wala akinywa chai yake ingali ya moto. Lakini leo saa ilikuwa inamkimbiza. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na saa nane mchana fundi wa magari aliyekuwa mahabusu angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kusababisha kifo. Mkuu wa kituo alikuwa ameshatia sahihi.

"Ukiniletea kitu kabla ya saa nane, nitakisoma," alikuwa amemwambia. "Baada ya hapo, kamwambie hakimu."

Koplo alisimama pembeni, faili mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye upara na magoti mabovu, na hakuwa na haja ya kujifanya hajachoka.

"Afande, tunatafuta nini hasa? Bomba la breki limepasuka mteremkoni, mzee wa watu kaingia ukutani, kafa. Gari lilikuwa limetoka kwa fundi Jumamosi, ajali imetokea Jumatatu. Kesi imejipika yenyewe."

"Kesi ikijipika yenyewe mimi huionja chumvi mara mbili," alisema Bi Taratibu, akafungua mlango wa dereva.

Lilikuwa gari la fahari wakati wake. Viti vya ngozi, ubao uliong'arishwa kwenye dashibodi, milango mizito iliyojifunga kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ila wakati wake ulikuwa miaka thelathini iliyopita, na lilikuwa limepita mikono minne kabla ya kununuliwa na Mzee, fundi simu mstaafu, aliyelipenda mpaka mkewe akawa analiita mke mwenzangu.

Na Mzee alikuwa amelitengeneza mwenyewe, hilo halikuhitaji kuulizwa. Kioo cha pembeni kilishikiliwa na waya ya simu. Mfuniko wa kisanduku cha mbele ulifungwa kwa kindoano cha waya. Ngozi ya kiti cha dereva ilipochanika ilishonwa kwa waya nyembamba ya shaba, mishono midogo iliyopangika kama ya fundi cherehani.

Koplo alichungulia, akatabasamu. "Gari la bosi, matengenezo ya baiskeli."

Bi Taratibu alipitisha kidole juu ya kila waya, moja baada ya nyingine, akahesabu kumi na moja. Zote zilikuwa laini. Kila waya ilipoishia, ncha yake ilikuwa imekunjwa ikarudishwa ndani, isije ikamgusa mtu.

Aliwasha swichi. Betri ilikuwa bado ina nguvu kidogo, na taa za dashibodi zikawaka kwa unyonge. Moja haikuwaka. Alichomoa kifuniko kwa bisibisi, akatazama ndani.

"Taa ya onyo la breki," alisema. "Balbu haipo."

"Imeungua, labda."

"Ikiungua hubaki mahali pake, Koplo. Hii imetolewa."

Kwenye wavu wa mbele, palipobondeka, aliona utepe mweupe wenye urefu wa kidole umenasa kati ya vyuma. Aliuvuta polepole, akautia kwenye bahasha.

"Takataka hiyo," Koplo alisema.

"Bahasha hazijatuishia."

Gari likapandishwa kwa jeki na magogo. Koplo akatandika boksi chini, akalitazama, akavua koti lake na kuliweka juu ya boksi mahali ambapo kichwa kingelala. Bi Taratibu alimshukuru, akajiingiza uvunguni na tochi.

Bomba la breki la nyuma kushoto lilikuwa limekula kutu. Mtu alikuwa amekata sehemu iliyooza na kuunga mpira wa petroli, kisha akaubana huku na huku kwa waya. Mpira wa petroli hauwezi kuhimili breki ya gari zito. Unaweza kuvumilia siku mbili tatu kwenye barabara tambarare, dereva akigusa breki kidogo kidogo. Mguu ukikanyaga kwa nguvu mteremkoni, mpira unachomoka, mafuta yanamwagika, na zile breki za mbele haziwezi peke yake kushika mzigo ule.

Alinyoosha mkono ashike ile waya, akaurudisha upesi. Kidole gumba kilikuwa kinatoka damu.

"Umeumia?" Koplo akampa leso. Ilikuwa safi, imepigwa pasi.

Bi Taratibu alijitoa uvunguni, akaketi chini akikitazama kidole chake kwa muda mrefu kuliko jeraha lilivyostahili.

"Koplo, kule juu nimepapasa waya kumi na moja. Ngapi zimenichoma?"

"Sijaona ukilalamika."

"Hakuna hata moja. Huku chini zipo mbili, na zote mbili ncha zimesimama kama miiba."

Koplo alikuna upara. "Labda alikuwa na haraka."

"Labda," alisema Bi Taratibu. "Fungua buti."

Ndani ya buti kulikuwa na gurudumu la akiba, jeki, na kitu kirefu kilichoviringishwa kwa gazeti. Koplo alilifungua gazeti, uso ukamng'aa. Lilikuwa bomba la breki la zamani, limepauka kwa kutu.

"Haya, si hili? Mkwe wa marehemu alisema kwenye maelezo yake. Fundi alibadilisha bomba, akarudisha la zamani kama kawaida yao, mteja aone kwa macho yake. Kumbe jipya hakufunga, kapachika mpira. Mwizi huyu, afande. Tena mwizi mwenye adabu ya kufunga zawadi."

Kwenye mwisho mmoja wa bomba palikuwa na kitanzi kidogo cha waya. Bi Taratibu alikipapasa kwa kidole kilekile kilichochomwa. Halafu akalirudisha bomba ndani ya gazeti, akalitia kwapani.

"Twende tukamwone mwizi wako," alisema.

*

Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na mikono ile ilikuwa haijui pa kukaa bila spana. Aliinuka pale Bi Taratibu alipoingia mahabusu, akampisha kwenye benchi pekee lililokuwamo, yeye akabaki ameegemea ukuta.

"Kaa, fundi. Benchi ni refu."

Akakaa kwenye ncha.

"Mzee alijitengenezea vitu vingi," Bi Taratibu alianza. "Wewe ulikuwa unakasirika?"

"Kukasirika kwa nini? Tulikuwa na makubaliano, miaka tisa. Alisema, 'Fundi, cha starehe ni changu, cha kusimamisha gari ni chako.' Kioo, kiti, mlango, redio, hivyo nilimwachia ajifurahishe. Breki, usukani, magurudumu, hakuwahi kugusa hata nati. Akiona tone la mafuta chini ya gari ananipigia kabla hajanywa chai."

"Na bomba la kushoto?"

"Nililiona mimi. Nikamwambia, Mzee, hili limeoza, usiteremke nalo mjini mpaka nibadilishe. Bomba jipya tukaagiza. Likaja wakati yeye amefanyiwa upasuaji wa macho, amefungwa bandeji. Akasema mkwe wake atalileta gari Alhamisi." Fundi alikaza viganja vyake magotini. "Nilingoja Alhamisi nzima. Ijumaa nikapiga simu ya Mzee, akapokea mkwe. Akaniambia Mzee kaahirisha mpaka macho yapone."

"Mkwe anasema ulipiga kumwarifu kuwa gari liko tayari," Koplo alisema kutoka mlangoni.

"Basi tumeongea simu mbili tofauti, mimi na yeye."

"Bomba jipya liko wapi?"

"Limening'inia gereji, kwenye karatasi yake."

"Unaona, afande?" Koplo alifungua mikono. "Bomba limelipiwa, na liko kwake. Anajifunga kamba mwenyewe."

Fundi akainama. Hata yeye alijua jinsi maneno yake yalivyosikika. Gereji yake ilikuwa ya mtu mmoja. Hakukuwa na wa kuapa kwamba gari halikufika.

Bi Taratibu alifungua gazeti, akaliweka bomba magotini mwa fundi. Yule mtu hakuligeuza hata mara mbili.

"Hili si la kushoto. Tazama linavyopinda. Hili ni la kulia. Nililibadilisha mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Mmelipata wapi? Nilimpa Mzee. Kila kilichotoka kwenye gari lile alikitaka. Ananiambia, 'Nipe cha zamani nikakiage.'"

"Alikuwa anavipeleka wapi?"

"Nyumbani kwake. Sijawahi kuingia, lakini alikuwa akisema vina ukuta wao."

Bi Taratibu aliinuka. Mlangoni aligeuka. "Umekula?"

"Mke wa Mzee ameniletea uji asubuhi," fundi alisema. "Mjane wa Mzee. Mimi ndiye ninayesemwa nimemuua, na yeye ananiletea uji."

*

Ilikuwa saa sita na nusu walipofika nyumbani kwa marehemu. Viti vya kukodi vya msiba vilikuwa bado vimepangwa ukumbini, kimoja juu ya kingine. Mjane aliwapokea mwenyewe, mama mwembamba mwenye khanga nyeusi, na kabla hajauliza kilichowaleta alikuwa ameshakiona kidole cha Bi Taratibu.

"Umekatwa na nini, binti yangu?"

"Waya, Mama. Kazini."

Mjane alikwenda ndani, akarudi na dawa na plasta, akamfunga kidole pale pale wamesimama. Kwenye meza ya chakula mkwe wake alikuwa amezungukwa na makaratasi ya marehemu. Alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka, afisa kwenye kampuni ya mizigo. Alisimama, akawapa mkono wote wawili.

"Karibuni. Tumesikia leo ndiyo siku ya mahakama. Mama atapumua sasa."

"Kila mtu atapumua," alisema Bi Taratibu. "Mama, naomba kuona stoo ya Mzee."

Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko. Ukuta mmoja mzima ulikuwa umepigwa misumari, na kila msumari ulining'iniza kitu kilichotoka kwenye lile gari: pampu, mikanda, pedi za breki zilizolika, kioo cha taa. Kila kitu kilining'inia kwa kitanzi cha waya, na chini ya kila msumari palibandikwa kikaratasi cha mwandiko wa mkono wenye uangalifu.

"Nilimwambia mke mwenzangu amejengewa makumbusho kabla sijajengewa bafu," mjane alisema. Alitabasamu, halafu tabasamu likamtoka.

Bi Taratibu alifuata misumari kwa kidole chenye plasta. Kila kitanzi, ncha ilikuwa imerudishwa ndani. Safu ya tatu palikuwa na msumari mtupu, na ukutani chini yake mstari mrefu uliopinda, mweupe kuliko vumbi lililouzunguka. Kikaratasi kilikuwepo bado. Bomba la breki, nyuma kulia.

Alilitoa bomba kwenye gazeti, akalitundika kwa kitanzi chake. Likalala juu ya ule mstari mweupe kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

Koplo alikohoa.

"Mama, nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Upo mmoja, nalala nao. Mzee hakupenda watu wamchanganyie vitu vyake. Nilimwazima mkwe tu, ile Jumatano kabla gari halijaondoka, alikuja kutafuta jeki."

"Jeki ya gari iko ndani ya buti, Mama. Nimeiona leo."

Mjane alimtazama, na Bi Taratibu alishusha bomba, akamshika mkono, wakarudi ukumbini.

*

Mkwe alikuwa ameanza kukusanya makaratasi. Bi Taratibu alivuta kiti akaketi mbele yake, bila haraka, kama mgeni aliyekuja kukaa.

"Nisaidie kitu kimoja nifunge faili. Gari lilikuwa wapi tangu Alhamisi mpaka Jumamosi?"

"Kwa fundi. Nimeshaandika."

"Umeandika, na mwandiko mzuri. Huyu fundi huwa anayafunga magari utepe?" Akaiweka bahasha mezani, akautoa ule utepe mweupe.

Mkwe aliutazama muda mfupi tu. "Mzee alikuwa akiliazima gari kwa harusi za watu. Huo ni wa zamani."

"Mwaka huu hakuna," mjane alisema taratibu. "Mwaka huu hakuliazima kwa mtu. Na mwezi uliopita nililiosha mwenyewe, mbele na nyuma, alipokuwa anajiandaa kwenda hospitali. Alitaka alikute safi."

"Mama, utepe mdogo kama huo huwezi kuuona."

"Nilisugua wavu ule kwa mswaki."

Koplo alisogea, akasimama karibu na mlango wa nje, na kwa magoti yake mabovu hiyo ilikuwa kazi.

"Siku aliyotolewa bandeji," Bi Taratibu alimwuliza mjane, "Mzee aliuliza habari za bomba?"

"Aliuliza kwanza hata kabla ya kuniangalia mimi usoni. Mkwe akamwambia limefungwa, la zamani liko kwenye buti. Alikwenda akalipapasa kwenye gazeti lake. Akasema atalitundika akipata nafasi. Macho yalikuwa bado yanamuuma, hakulifungua."

"Fundi ndiye aliyelitia humo," mkwe alisema.

"Inawezekana," alikubali Bi Taratibu. Akatoa kwenye mkoba kipande cha waya na koleo ndogo, akaviweka juu ya gazeti lenye bomba. "Nifungie hiki kielelezo, tafadhali, kisichomoke njiani. Kidole changu kinanisumbua."

Mkwe alionekana kufurahi kupewa kazi. Aliizungusha waya mara tatu, akaikaza kwa koleo, akakata, akakisukuma kifurushi katikati ya meza. Kilikuwa kimekazwa sawasawa. Ncha mbili zilibaki zimesimama juu, kali, zinameremeta.

Bi Taratibu hakukigusa. Koplo naye hakukigusa.

Ni mjane aliyekivuta. Alifanya bila kufikiri, kama mtu anavyookota punje ya mchele mezani. Alichukua koleo, akakunja ncha ya kwanza akairudisha ndani, kisha ya pili, akapitisha kidole juu yake kuhakikisha.

"Usiache hivi, mwanangu," alisema. "Utamchoma mtu. Baba yako alikuwa hawezi..."

Akaishia hapo. Macho yake yalihama kutoka kwenye kifurushi mpaka kwenye plasta aliyoifunga mwenyewe nusu saa iliyopita.

"Umesema waya, binti yangu. Waya ya wapi?"

"Ya uvunguni, Mama. Kwenye bomba la kushoto."

Mjane aliweka koleo chini kwa uangalifu mkubwa. Hakumtazama Bi Taratibu. Alimtazama mkwe wake, akangoja.

Mkwe alijaribu kuanza mara mbili. "Ilikuwa harusi ya binti wa mkurugenzi wangu," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimeshaahidi gari la bibi harusi. Alhamisi kulipamba, Ijumaa mazoezi, Jumamosi harusi yenyewe. Fundi angelikalia siku zote hizo. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja, nikasema niunge tu lifike Jumamosi. Mzee mwenyewe si alikuwa anaungaunga kila kitu na waya. Nikasema hata akiona atadhani ni yeye."

"Na la ukutani ukalitia kwenye buti," alisema Bi Taratibu.

"Angeuliza la zamani. Lazima angeuliza. Nilikuwa nilipeleke gereji Jumatatu jioni, nikitoka kazini. Nani alijua ataendesha asubuhi?"

"Na balbu?"

"Taa ilikuwa haizimiki. Ingemsumbua."

"Ingemsumbua," mjane alirudia. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ukali wowote. "Ingemsumbua, akasimama. Akampigia fundi kabla hajanywa chai. Sasa hivi angekuwa hapo stoo."

Bi Taratibu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Alipiga simu kituoni, akamwambia Mkuu maneno machache, akarudia mara moja tu, "Hapana, usimpeleke. Mfungulie," kisha akakata.

Koplo alitoa pingu. Mjane aliinuka, akamsogelea, na kwa kitambo Koplo hakujua anataka nini. Yule mama alishika mkono wa shati la mkwe wake, akaushusha mpaka kwenye kifundo, akaukunjua vizuri.

"Zipitishe juu ya nguo," alisema. "Chuma hicho kina makali."

Halafu akaenda jikoni, akainjika chungu motoni. Fundi alikuwa anatoka, na tangu ule uji wa asubuhi alikuwa hajala kitu.